SOMO LA LEO: Unamuuzia Sola Mteja wa Milimani? Muulize Maswali Haya Kwanza



Leo tuongee na nyie mnaouza vifaa vya sola kwa WhatsApp, Instagram na Facebook. Najua wengi wenu hamjasomea umeme. Hata mimi nimeishia kidato cha nne, mambo ya sola nimejifunza dukani, kwa mafundi na kwa kusoma vikaratasi vya ndani ya boksi. Inatosha, ilimradi ujue hesabu ndogo ninazokupa leo.

Siku hizi mtu yuko Mtae, Mlalo au Bumbuli kule Usambara, au yuko Mgeta kwenye Uluguru, anaona tangazo lako, anakutumia meseji: "Naomba bei ya sola." Wewe unamtumia picha ya kifurushi na bei, analipa, unapakia kwenye basi, umemaliza. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kifurushi kinachowaka vizuri Dodoma au Shinyanga kinaweza kuzima saa 2 usiku kule mlimani, na wala hakijaharibika. Ni wewe hukuuliza.

Na mlimani habari zinasafiri haraka kuliko gari. Nyumba moja ikizima, upande mzima wa mlima unajua sola ya nani imezima. Yule mteja ametoa hela ya viazi ya msimu mzima, watoto wamerudi kwenye kibatari, na wewe umepoteza kijiji. Ila nyumba moja ikiwaka masika yote bila kusumbua, huhitaji kulipia tangazo. Majirani wenyewe wataomba namba yako.

Kwa hiyo kanuni ya somo hili ni moja: MLIMANI UNAUZA KWA HESABU YA WIKI MBAYA KULIKO ZOTE, SIO YA SIKU YA JUA KALI. Haya, twende kwenye maswali.

SWALI LA 1: NGUZO ZA UMEME ZIKO WAPI?

Usishangae kuanza na hili. Mradi wa umeme vijijini chini ya REA umefika vijiji vingi sana. Lakini kufika kijijini sio kufika nyumbani. Milimani nyumba zimetawanyika, moja juu ya mgongo wa mlima, nyingine ng'ambo ya korongo. Nguzo zinapita barabarani, shuleni na sokoni. Mwenye nyumba ya bondeni anaziona tu kwa mbali.

Sasa kama mteja anakwambia nguzo iko nyuma ya nyumba ya jirani, mwambie ukweli. Gharama ya kuunganishiwa kijijini ambayo imekuwa ikitangazwa ni shilingi 27,000, ingawa atalipa pia fundi wa kutandaza nyaya ndani. Mtu huyo hana haja ya kutoa laki kadhaa kwa sola kubwa. Muuzie taa moja au mbili za sola za kusaidia umeme ukikatika. Utapata faida ndogo leo, ila huyo mtu atakutumia wateja watano wa bondeni ambao kweli wanahitaji sola.

Ukimficha, siku akivutiwa umeme atajua ulikuwa unajua.

SWALI LA 2: UNATAKA KUWASHA NINI, NA KWA MASAA MANGAPI?

Wateja wengi wanauliza "sola ya wati 100 bei gani?" Wati peke yake haikwambii kitu. Unachotafuta ni wati-saa, yaani wati za kifaa mara masaa kinayowaka kwa siku. Ni sawa na maji: usijali ukubwa wa bomba tu, hesabu na ndoo zinazotumika nyumbani kwa siku.

Chukua nyumba ya kawaida ya mlimani, ya mfano:

- Taa 4 za wati 3, kila moja masaa 5: 4 x 3 x 5 = 60
- Redio ya wati 5, masaa 4: 5 x 4 = 20
- Simu ndogo mbili na simu ya kupangusa moja: weka 30 kwa jumla

Jumla ni wati-saa 110 kwa siku. Hiyo ndiyo namba ya nyumba hii. Iandike pembeni, tutaitumia mpaka mwisho.

Sasa mteja anaongeza: "Na kitivii kidogo." Hapa kuwa makini. Tivii ya inchi 24 inayotumia moto wa betri moja kwa moja inaweza kula wati 25, na kisimbuzi wati 12. Jumla 37, mara masaa 4 ni 148. Umeona? Tivii peke yake inakula kuliko nyumba nzima. Namba inaruka kutoka 110 kwenda 258. Simwambii mteja asinunue tivii, namwambia tivii ni nyumba ya pili. Akitaka alipie nyumba mbili, sawa.

Na pasi? Pasi ya umeme ya wati 1,000 kwa nusu saa tu ni wati-saa 500. Hizo ni siku nne na nusu za taa, redio na simu. Mwambie mapema kabisa: kifurushi hiki hakipigi pasi, hakichemshi maji, hakiwashi blenda. Mwandikie. Usipomwandikia atajaribu, na kitakachoungua kitarudi kwako.

SWALI LA 3: JUA LINAFIKA SAA NGAPI KWENYE BATI LAKO, NA LINAONDOKA SAA NGAPI?

Hili ndilo swali ambalo wauzaji wengi hawaulizi, na ndilo linalotofautisha mlima na tambarare.

Tambarare jua likichomoza limechomoza kwa wote. Bondeni sivyo. Mlima wa mashariki unaweza kulizuia mpaka saa 3 asubuhi, na wa magharibi ukalimeza saa 9 alasiri. Nyumba mbili za kijiji kimoja, moja mgongoni na moja korongoni, zinaweza kutofautiana masaa mengi ya jua kila siku. Mteja hahitaji kifaa chochote kujibu swali hili. Anaishi pale, anajua anaanika nguo saa ngapi.

Ongeza maswali mawili madogo:

- Ukungu unakaa miezi gani, na unaondoka saa ngapi asubuhi?
- Kuna mti au mgomba unaotia kivuli kwenye bati?

Kuhusu kivuli, fahamu kwamba vipande vya ndani ya paneli vimeunganishwa kwa mstari mmoja, kama watu wanaopokezana ndoo. Mmoja akisimama, mstari wote unachelewa. Jani moja la mgomba likifunika kona ya paneli linaweza kushusha umeme mwingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Mteja akisema "ni kivuli kidogo tu", mwambie ahamishe paneli au akate jani.

Kuhusu baridi, wengi wanadhani ndiyo inayoharibu kazi ya sola mlimani. Hapana. Paneli inapenda ubaridi. Ikipata joto, kila nyuzi moja inayoongezeka inapunguza nguvu yake kama asilimia 0.3 hadi 0.4. Paneli inatumia mwanga, haitumii joto. Adui wa mlimani ni ukungu, mawingu na kivuli.

HESABU YA PANELI

Sasa tuunganishe. Kuna kitu kinaitwa saa la jua kamili. Jua linakaa angani karibu masaa 12, lakini la asubuhi na la jioni ni dhaifu. Ukilikusanya lote likawa kama jua la mchana, sehemu nyingi za tambarare zenye jua zuri unapata kama masaa 5 kwa siku. Mimi kwa nyumba ya bondeni yenye ukungu, wiki mbaya, napiga kwa masaa 2. Ya mgongoni napiga kwa 3.

Pia umeme mwingine unapotea njiani, kwenye waya, kwenye betri, kwenye vumbi la paneli. Kwa hiyo tunagawanya kwa 0.7.

Nyumba yetu ya wati-saa 110:
110 ÷ 0.7 = 157

Tambarare: 157 ÷ 5 = kama wati 31
Bondeni kwenye ukungu: 157 ÷ 2 = kama wati 79

Soma tena hapo. Familia ileile, taa zilezile, redio ileile. Tambarare paneli ya wati 40 inatosha na inabaki. Bondeni unahitaji wati 80. Ukimtumia mtu wa bondeni kile kifurushi cha wati 40 kwa sababu ndicho kiko kwenye tangazo lako, Januari atakusifia, Aprili atakutukana.

Na yule anayetaka tivii? 258 ÷ 0.7 = 369, gawanya kwa 2 ni kama wati 185. Mpe ya 200. Hapo utaelewa kwa nini nasema tivii ni nyumba ya pili.

HESABU YA BETRI

Betri ya mlimani lazima ivumilie angalau usiku mbili bila jua la maana. Kwa nyumba yetu: 110 x 2 = 220.

Lakini betri hainywewi mpaka chini. Betri za risasi, iwe ya maji au kavu, ukizidisha nusu kila siku unaiua haraka. Betri ya lithiamu ya sola inavumilia kutumika mpaka asilimia 80 bila shida. Kwa hiyo:

- Risasi: 220 ÷ 0.5 = 440. Gawanya kwa volti 12 = kama ampea-saa 37. Mpe ya 40.
- Lithiamu: 220 ÷ 0.8 = 275. Gawanya kwa volti 12.8 = kama ampea-saa 21.5. Mpe ya 25 kwenda juu.

Usimuuzie betri ya gari ukaiita ya sola. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe na gari lenyewe. Ukiitumia taratibu usiku kucha kila siku, ndani ya muda mfupi inaanza kudai. Mteja ataona bei ilikuwa rahisi, lakini atanunua mara mbili. Na mara ya pili hatanunua kwako.

PIMA PANELI KWA FUTIKAMBA

Hii ni ya kwako muuzaji, kabla hata hujapiga picha ya mzigo. Karatasi ya nyuma ya paneli inaweza kuandikwa chochote. Ukubwa haudanganyi.

Jua kali la mchana linaleta kama wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri inageuza kama asilimia 20 kuwa umeme, na zile nzuri sana za sasa zinazidi hapo kidogo. Maana yake mita moja ya mraba ni kama wati 200. Basi: urefu x upana (kwa mita) x 200 = wati za kweli, takriban.

Mfano, paneli ina urefu wa sentimita 67 na upana wa sentimita 54. 0.67 x 0.54 = 0.36. Mara 200 ni wati 72. Karatasi ikisema 80, tunaelewana. Ikisema 150, weka chini, ondoka dukani. Sijali punguzo la bei ya jumla analokupa.

Kwa zile taa na vifurushi vidogo vilivyofungwa kiwandani, tafuta jina la bidhaa kwenye orodha ya VeraSol mtandaoni. Ni mpango wa kupima ubora uliotokana na kazi ya Lighting Global ya Kundi la Benki ya Dunia. Kuangalia ni bure. Angalia pia alama ya TBS. Bidhaa ikiwepo kwenye orodha, piga picha ya skrini utumie kwenye stetasi yako. Mteja wa mbali ambaye hawezi kushika bidhaa anahitaji ushahidi kuliko maneno matamu.

VITU VIDOGO VINAVYOUA MFUMO MZIMA

Waya. Mteja anapenda paneli ikae kwenye jua, betri ikae chumbani, katikati kuna mita 10. Ukimuuzia waya mwembamba wa milimita 1.5, kwa ampea 5 anapoteza zaidi ya volti 1 njiani. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi imeyeyuka bure. Waya wa milimita 4 unapoteza chini ya nusu volti. Uza waya mnene, na mweleze kwa nini ni ghali.

Kontrola ya chaji. Kama betri ni lithiamu, hakikisha kontrola ina mpangilio wa lithiamu na umeuweka kabla ya kufunga boksi. Usimwachie mteja abonyeze mwenyewe. Na mwandikie kwa kalamu juu ya kontrola: BETRI KWANZA, PANELI YA PILI, TAA MWISHO. Huo ndio mpangilio wa kuunganisha. Wakati wa kufungua anaanza kinyume.

Fyuzi. Iwe karibu na betri. Ni kitu cha bei ndogo sana na kinalinda nyumba ya mbao isiungue.

Inveta. Wateja wanaipenda kwa sababu ina tundu kama la umeme wa nguzo. Ila inveta yenyewe inakula hata ukiwa hujachomeka kitu. Ikila wati 6 tu, mara masaa 24 ni 144. Nyumba yetu nzima ni 110! Yaani inveta iliyosahaulika imewashwa inakula kuliko familia. Kama mteja ana taa, redio na simu tu, vyote vinatumia moto wa betri moja kwa moja. Usimuuzie inveta ili upate faida ya ziada.

Mwelekeo. Tanzania tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo kwa kawaida paneli inaangalia kaskazini, na inalala kwa mteremko kidogo, kama nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iioshe. Lakini kama mlima unaziba asubuhi yote, igeuze kidogo magharibi ambako jua lipo. Mlimani unafuata jua la nyumba ile, sio la kitabu.

USAFIRI: MZIGO HAUJAFIKA MPAKA UMEWAKA

Basi linafika Lushoto au Morogoro. Kutoka hapo ni boda, na baada ya boda mara nyingi ni kichwani. Kwa hiyo uzito ni sehemu ya bei. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 inakaribia kilo 30. Lithiamu ya ukubwa huohuo ni kama kilo 11 au 12. Ukimwambia mteja bei ya lithiamu tupu atakimbia. Mwambie bei pamoja na nauli ya boda na ya mbebaji, mara nyingi atafikiria upya.

Betri ya maji usiipandishe mlimani kwa boda kama unaweza kuepuka. Njia inainama, betri inainama, asidi inamwagika. Inachoma nguo, inachoma ngozi. Kama hakuna namna, ipelekwe tupu na maji yake yapelekwe pembeni kwenye chupa yake iliyofungwa na kuandikwa, na aijaze mtu anayejua.

Paneli isafiri imesimama kwa ubavu, isilazwe chini ya magunia. Rekodi video unapofunga boksi, umtumie mteja siku hiyohiyo. Na kabla hajalipa, muelewane kwa maandishi: kioo kikivunjika njiani, nani anabeba? Ugomvi mwingi wa biashara yetu ungeisha kwa sentensi hiyo moja.

NANI ATAKAA NA HIYO SOLA KIJIJINI?

Wewe uko Tanga mjini au Dar. Waya ukilegea kule juu nani anakaza? Kama jibu ni "nitampigia muuzaji", hujauza bado.

Kuna Chuo cha Barefoot, kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972 kijijini Tilonia, jimbo la Rajasthan, India. Kwa miaka mingi wamekuwa wakifundisha kina mama wa vijijini, wengi wao bibi ambao hawakusoma, kufunga na kutengeneza sola. Mafunzo yanachukua kama miezi 6, na kwa kuwa wanatoka nchi tofauti na hawana lugha moja, wanafundishwa kwa rangi, kwa ishara na kwa mikono. Kina mama wa Tanzania wamo, na Zanzibar kuna kituo chao. Kwa nini bibi? Kwa sababu kijana ukimpa ujuzi na cheti anashuka mjini kutafuta kazi. Bibi anabaki kijijini.

Wewe huna chuo, ila unaweza kuchukua akili hiyo. Kila kijiji unachouza, tafuta mtu mmoja anayekaa pale: fundi redio, mama mwenye kiduka, kijana aliyesoma umeme VETA na akarudi kulima. Mfundishe mambo manne tu: kukaza waya, kubadilisha fyuzi, kufuta paneli, kusoma taa za kontrola. Muachie fyuzi na waya wa akiba. Mlipe kidogo kila akisaidia mteja, na kamisheni kila akikuletea mpya. Huyo mtu mmoja ana thamani kuliko wafuasi elfu kumi wasionunua.

Na betri ya risasi ikifa, irudishe. Wanunuzi wa chakavu wanainunua, mpe mteja punguzo kwenye mpya. Milimani ndiko chemchemi ziliko. Risasi ikitupwa korongoni, wanaokunywa ni wa chini wote.

MALIPO: USIKOPESHE UKIWA HUWEZI KUZIMA

Kampuni kubwa kama M-KOPA, iliyoanza kuuza sola Kenya mwaka 2012, ziliweza kukopesha kwa sababu vifaa vyao vinafungwa kwa mbali. Mteja analipa kidogo kidogo kwa simu, asipolipa kinazima chenyewe. Wewe huna mtambo huo. Ukimkopesha mtu wa kilomita 300, unachobaki nacho ni namba ya simu.

Geuza mtindo: kibubu. Mteja analipa kidogo kidogo KABLA, mzigo unaondoka akimaliza. Mkulima wa mboga hapati mshahara wa mwezi, anapata hela siku ya soko. Mpe ratiba ya soko lake. Kila akilipa, mtumie salio kwa meseji. Bei uliyompa siku ya kwanza ishikilie mpaka tarehe mliyokubaliana, na akighairi umrudishie kwa masharti aliyoyajua mapema. Hela za kibubu zisiguswe kununulia mzigo wa mtu mwingine. Ziweke laini yake peke yake. Ukizichanganya, siku wateja wawili wakimaliza pamoja utaanza kutopokea simu, na mwenye duka la mtandaoni asiyepokea simu anaitwa tapeli hata kama sio tapeli.

MESEJI YA KUNAKILI

Iweke kwenye simu yako, itume kila ukiulizwa "bei ya sola":

"Shikamoo / habari yako. Asante kwa kutuulizia. Ili nisikuuzie kitu kitakachokuzimia, naomba unijibu haya: 1) Upo kijiji gani, na nguzo ya umeme iko umbali gani na nyumba? 2) Unataka kuwasha taa ngapi, redio, simu ngapi, tivii? Masaa mangapi? 3) Jua linafika kwenye bati saa ngapi na linaondoka saa ngapi? 4) Ukungu unasumbua miezi gani? 5) Kuna mti karibu? Naomba na picha ya bati. 6) Kutoka gari linaposhusha mpaka nyumbani ni boda au kwa miguu? Ukinijibu, nakupigia hesabu bure na nakuandikia kitakachowaka na kisichowaka."

Kama ni mzee asiyeandika meseji, mpigie. Dakika 10 za simu ni rahisi kuliko kurudisha betri kwa basi.

Wengine watakwambia maswali mengi yanafukuza wateja. Ni kweli, wachache watakimbilia kwa anayetaja bei tu. Waache. Masika yakianza, wengi wao watakuwa wanatafuta mtu wa kuwapigia hesabu.

KAZI YA NYUMBANI: chukua kifurushi chako kinachouzika sana, kipigie hesabu ya masaa 2 ya jua, halafu uandike kwenye tangazo lake kinafaa nyumba ya wati-saa ngapi mlimani na ngapi tambarare. Mteja akiona umetenganisha hizo mbili, atajua anaongea na mtu anayejua anachouza.

Hifadhi somo hili, mtumie na mwenzako anayeuza sola. Biashara njema.